Kiti cha Pili

Mwanamume wa miaka arobaini na sita haachi miraa bure. Hivyo ndivyo Faduma alivyojiambia jioni ile mumewe, Abdifatah, aliporudi kutoka dukani na meno safi, akaketi mkekani na kuomba chai ya tangawizi. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na tangawizi haikuwahi kutajwa. Alikuwa mtu wa chai ya maziwa ya ngamia, yenye sukari ya kutosha watu watatu. Faduma akaipika hiyo tangawizi, akamletea, akamtazama akiinywa kwa uso wa mtoto anayepewa dawa ya minyoo, kisha akarudi jikoni na kuketi juu ya ndoo.

"Kuna mwanamke," akaiambia sufuria.

Tafadhali tusimcheke mapema. Mume wa Garissa akitaka mke wa pili hatangazi, hubadilika kwanza. Ndevu hupakwa hina, tumbo hupungua, simu huanza kupokelewa nje ya ua. Wanawake wa mji huu wanazijua dalili hizo kama wachungaji wanavyoujua ugonjwa wa mbuzi kwa kumtazama macho. Faduma alikuwa ameuza maziwa ya ngamia sokoni kwa miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo alikuwa amewasomea wenzake waume zao mara nyingi tu. Hakuwahi kukosea. Mume wa Saynab, rafiki yake wa meza ya jirani, alimtambua kwa soksi mpya, na mwezi haukuisha kabla Saynab hajapata mke mwenza. Kwa hiyo zamu ya mume wake mwenyewe ilipofika, Faduma hakuona kwa nini ajitilie shaka.

Dalili ya pili ilikuwa simu. Abdifatah alikuwa na duka la dawa za mifugo karibu na soko la ng'ombe, na kwa kawaida simu yake ililia kwa mambo ya kupe, minyoo na mbuzi waliotupa mimba. Sasa aliitazama saa nzima bila kusema na mtu, ameibana karibu na kifua, anatabasamu peke yake. Mara nyingine alivuta pumzi kwa ghafla na kunong'ona, "Mashallah! Mashallah!" Faduma akipita nyuma yake, simu ilifunikwa.

Mashallah ya sauti ile Faduma aliisikia mara ya mwisho wiki ya harusi yake. Aliuma mdomo akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Lakini dalili ya tatu ndiyo iliyommaliza. Mumewe alianza kurudi nyumbani vidole vikinuka samaki.

Hapo pana jambo la kueleza. Watu wa Abdifatah ni watu wa ngamia, baba hadi babu wa babu. Kwao samaki si chakula, ni tusi. Mtu akitaka kumvunjia mwenzake heshima humwita mla samaki, na bakora huanzia hapo. Mto Tana unapita pembeni mwa mji umejaa kambare, na mama mkwe wa Faduma aliishi miaka themanini kando yake, akafa bila kugusa hata gamba. Mwanamume wa nyumba ile akinuka samaki, basi kuna mtu anayempikia, na mtu huyo hakuzaliwa huku.

"Wa pwani huyo," Saynab akatoa hukumu asubuhi iliyofuata, huku akipima maziwa. "Wallahi, abaayo, dada yangu, wa pwani. Wale wanajua kujifukiza udi, wanajua kupika na nazi, wanajua kumwambia mwanamume maneno laini mpaka asahau jina la mama yake. Sisi tunajua nini? Kufunga mizigo."

Faduma alikuwa akifunga jerikeni tupu zinazorudi malishoni, kamba ikipita chini, ikirudi juu, ikijimeza yenyewe na kutulia. Fundo hilo alifundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Watu wa ngamia wakihama, wanaume hutembea mbele na fimbo; wanawake ndio huivunja nyumba, vijiti na mikeka na vyungu, na kuifunga yote mgongoni mwa ngamia ili ifike safari ya siku tano bila kulegea. Wapakiaji wa magari sokoni waliliita fundo la Faduma. Hakuna aliyewahi kumwibia jerikeni, maana hakuna mwanamume aliyeweza kulifungua.

"Nitamwona kwa macho yangu," akasema mwishowe, akikaza kamba. "Huyo wa pwani. Nitamwona."

Pwani. Neno hilo lilimwasha kwa namna yake, na si kwa sababu ya mwanamke peke yake. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, ukame ulipowasukuma kusini ya Hulugho, aliongoza ngamia wa mizigo hadi karibu na msitu wa Boni. Asubuhi moja upepo ukaja na harufu ambayo hakuijua, harufu ya chumvi na kitu kibichi kilichooza vizuri. Akamuuliza baba yake. "Hiyo ni bahari," baba akasema. "Mwendo wa siku moja." Usiku ule msichana hakulala kwa hamu. Kulipokucha, mbung'o walikuwa wamewavamia ngamia, na baba akageuza kundi kuelekea kaskazini. Faduma alilia mpaka wakamchapa. Hakuwahi tena kufika karibu kiasi kile, na alikuwa amemsimulia habari hiyo mtu mmoja tu: mumewe, wiki ya kwanza ya ndoa, wakati walipokuwa bado wanasimuliana.

Sasa mwanamke wa huko ndiye anayemchukua.

Alikwenda kwa kaka yake, Yonis, aliyekuwa fundi wa sola na betri na rafiki wa karibu wa Abdifatah. Yonis hakuinua macho kutoka kwenye nyaya zake.

"Yonis, shemeji yako ana nini?"

"Ana nini? Yuko sawa tu."

"Niangalie."

"Dada, nina kazi ya watu hapa. Mambo ya bwana na bibi, mimi siingii."

Faduma alimjua kaka yake tangu akiwa mgongoni mwake. Yonis hakuwahi kusema uongo akimtazama mtu, na leo alitazama nyaya kama ndizo zilizomzaa. Akaondoka bila kuaga. Kwa hiyo wote wanajua, akawaza. Wanaume wote wanajua, na mimi ndiye ninayepikia tangawizi.

Kuanzia hapo kila siku ilileta lake. Saynab aliripoti kwamba Abdifatah ameonekana nyuma ya duka, mikono imeshika ufito mrefu, anajirudisha nyuma na kuinama mbele, anajirudisha na kuinama, jasho likimtoka. Mazoezi ya mwili! Mtu ambaye alikuwa akiita mtoto amletee rimoti iliyoko hatua mbili. Jumatatu Faduma akakuta pakiti ya vidonge ndani ya kiatu. Maandishi yalikuwa madogo na ya Kiingereza, na vilikuwa vimebaki nusu. Hakumuuliza mtu ni vya nini. Alijua vidonge ambavyo mwanamume wa umri ule huvificha ndani ya kiatu, au alidhani anajua, na aibu ilimpanda hadi masikioni. Jumatano mumewe alisimama uani juu ya ubao uliowekwa juu ya pipa lililolazwa, akijaribu kutoanguka, mikono hewani kama korongo.

"Unafanya nini?" Faduma akauliza.

"Mgongo," Abdifatah akasema. "Daktari amesema ni wa mgongo."

Daktari gani? Mwenye duka la dawa za mbuzi!

Kisha Alhamisi akaleta zawadi. Aliingia na mfuko wa karatasi, akauweka mapajani mwa Faduma bila kumtazama, akakohoa. Ndani mlikuwa na dirac, gauni pana la rangi ya zafarani, kitambaa chepesi kama moshi, na uzi wa dhahabu shingoni.

"Ya nini?"

"Si ya nini. Nimeiona tu, nikakukumbuka. Mwezi huu shule zikifungwa, nitakuwa na safari kidogo, ya kazi. Siku nne au tano. Upande wa Lamu."

Jamani, kama kuna mwanamke wa mji ule ambaye hangeelewa, basi ni kipofu na kiziwi. Mume akioa mke wa pili, humletea wa kwanza kitu cha kumpoza moyo, nguo au dhahabu, ili wivu wake, ile masayr ambayo hata mashairi ya zamani yanaiogopa, usiichome nyumba. Zawadi ya kupoza moyo hiyo hapo mapajani. Safari ya Lamu hiyo hapo. Faduma aliikunja ile dirac vizuri, akasema asante, akaenda chooni akalia huku ameuma kanga.

Hakumtaka tena kwa mapenzi, alijiambia. Alimtaka kwa haki. Ni yeye aliyeuza maziwa duka lilipofilisika, ni yeye aliyemuuguza mama mkwe hadi siku ya mwisho. Na kama ni kuanza upya, kunywa tangawizi na kupunguza tumbo na kusema mashallah, kwa nini hakuanza upya na yeye? Yeye hakustahili ule mwili mpya? Hilo ndilo lililomuuma kuliko mwanamke mwenyewe. Mumewe alikuwa amepata furaha, na alikuwa anaitafuna peke yake, amegeukia ukuta.

Ijumaa, Abdifatah alipokuwa msikitini, Faduma alilivuta begi lililokuwa limesukumwa nyuma ya magunia ya dawa ya kuogesha mifugo. Juu kulikuwa na kofia pana, miwani myeusi na chupa ya mafuta ya kupaka usoni. Chini kulikuwa na kisanduku cha plastiki chenye vyumba vidogo vidogo. Akakifungua.

Vito. Vipande bapa vya fedha ing'aayo, virefu kama majani ya mwembe mchanga, kila kimoja na kipete juu na kipete chini, vingine na mstari mwekundu uliochorwa kwa ustadi. Kando yake mashada ya nyuzi laini za waridi na samawati zilizojaa chembe za kumeta, na shanga zenye macho. Vilipangwa kwa upendo. Mtu alikuwa amevipanguza kimoja kimoja.

Kwake yeye, kitambaa. Kwa yule, vito.

Halafu Faduma akafanya jambo ambalo mpaka leo Saynab hulisimulia akishika mbavu. Alichagua viwili virefu kuliko vyote, vyenye mstari mwekundu, na mashada mawili ya waridi, akavifunga ndani ya leso yake.

Alasiri ile wanawake walialikwa kwa jirani, binti yake Iftin akipakwa hina kwa ajili ya harusi. Hapo hakuna mwanamume anayekanyaga. Milango hufungwa, mitandio huvuliwa, na kila mmoja huonyesha alicho nacho. Faduma aliingia amevaa dirac ya zafarani, nywele zimesukwa, na masikioni vile vipande vya fedha vikining'inia hadi karibu na mabega, mashada ya waridi yakitikisika chini yake. Aliingia polepole, kidevu juu. Alitaka mji mzima ujue kwamba amejua. Habari imfikie yule wa pwani kwamba mke wa kwanza amevaa vito vyake kabla yake.

"Naa Faduma!" wanawake wakapiga vigelegele. "Dubai hiyo?"

"Ya mume wangu," akasema, akigeuza kichwa ili ving'ae. "Ameninunulia mimi. Nani mwingine?"

Wakamzunguka, wakavishika, wakavisifu. Saynab, aliyejua habari yote, alimbana mkono kwa fahari. Ndipo sauti ikatoka pembeni, ya mke wa fundi wa friji, mama mnene mwenye upole, mzaliwa wa Faza aliyeolewa Garissa. Alikuwa na kipande cha halua mkononi na hakukipeleka mdomoni.

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili, "ni nani aliyekutundika chambo masikioni?"

"Nini?" Faduma akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kilitosha. "Hii pambo ya bwana yangu. Herini."

"Si herini, mama. Hicho chuma ni cha nguru. Kikivutwa majini kinamulika kama dagaa, naye nguru hukimeza. Na hayo ya waridi ni ya sulisuli. Ndugu zangu wanavyo tele. Hapo chini kwenye kipete ndipo panapoingia ndoana." Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Bwanako ni mvuvi?"

Kuna vicheko ambavyo mtu huvisamehe na vicheko ambavyo huvibeba hadi kaburini. Kile kilianza na Iftin mwenyewe, mikono juu kwa sababu ya hina mbichi, kikamshika mama yake, kikazunguka chumba kizima. Mume wa Faduma, mvuvi! Mjukuu wa mzee Ugas mwenye ngamia mia nne, mvuvi! Hata Saynab alicheka, msaliti yule, mpaka akapiga magoti. Faduma alijitupia mtandio, akapenya katikati yao na kutoka, chambo zikimgonga shingoni kwa kila hatua.

Abdifatah hakumtarajia kabla ya magharibi. Alikuwa uani, amejifunga kiunoni mkanda mpana wenye kikombe mbele, na ndani ya kikombe amesimika mwisho wa fimbo ndefu nyembamba yenye gurudumu la uzi. Upande wa pili wa uzi, karibu na ukuta, palikuwa na jerikeni la lita ishirini lililojaa maji. Alijirudisha nyuma, akainama mbele akizungusha gurudumu, akajirudisha nyuma. Jerikeni likasogea shubiri moja. Kisha fundo likateleza, uzi ukaruka, na mwenye duka la dawa za mifugo akaanguka kwa makalio katikati ya kuku.

Aliinua macho akamwona mkewe mlangoni, na chini ya mtandio wake kitu cha waridi kikichungulia.

"Hizo..." akasema.

"Sema mwenyewe," Faduma akasema. "Sema kabla sijaita ndugu zangu."

Akasema yote, pale pale chini. Mteja wake mmoja, nahodha Lali wa Kiunga, kule juu kabisa karibu na mpaka, alikuwa akija kununua dawa za mbuzi. Siku moja alimwonyesha kwenye simu watu wakipigana na samaki mkubwa kuliko mtu, samaki mwenye tanga mgongoni, akiruka juu ya maji. Abdifatah hakupata usingizi. Miaka mitatu sasa anatazama, mwanzoni dukani tu. Lali ana boti ya injini anayowapeleka watu kuvua kwa ajili ya mchezo, na mwaka huu Abdifatah ameamua aende, mara moja tu kabla hajazeeka. Miraa ameacha ili kifua kiwe na pumzi. Vidonge na tangawizi ni vya kuzuia kutapika baharini. Alivijaribu kwanza aone kama vitamlaza. Samaki amekuwa akila kwa mama mmoja karibu na daraja, azoee harufu, maana mara ya kwanza alikimbia.

"Na huyo samaki mkubwa, mnamla?"

"La. Unapigana naye, unampiga picha, unamwachia aende."

Faduma alimtazama. "Unamshika mnyama mzima mzima, kisha unamwachia?"

"Ndiyo raha yake."

"Subhanallah." Akaketi juu ya lile jerikeni. Angepaswa kufurahi, na sehemu yake moja ilifurahi, kama mtu aliyeambiwa moto haukuwa wa nyumba yake. Hakuna mwanamke. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Kwamba nataka kuwa mla samaki? Babu yangu angefufuka. Wewe ungenicheka. Soko zima lingenicheka."

"Yonis alijua."

"Yonis nilimwambia kwa sababu nilishika viti viwili. Boti ina vinne vya wavuvi, na peke yangu niliogopa kidogo. Akakataa, anaogopa maji. Nikamwomba Abdijabar wa bucha, akasema nimerogwa. Nikamwomba hata yule anayeuza matairi pale stendi."

"Yupi?"

"Simjui jina."

Hapo ndipo ule moto ulipogeuka. Faduma aliusikia ukigeuka ndani yake, kutoka kwa mwanamke ambaye hakuwepo kuelekea kitu ambacho kilikuwepo. Kaka yake, mchinja nyama, muuza matairi asiye na jina. Wanaume watatu walikuwa wameitiwa bahari, wakaikataa.

"Na mimi?" akasema.

"Wewe?" Abdifatah akashangaa kweli, na mshangao wake ulikuwa mbaya kuliko uongo wowote. "Wewe nini?"

Faduma alivua vile vyuma masikioni, kimoja kimoja, akamwekea kiganjani. "Hamu hii ya bahari uliipata wapi?"

"Nimekwambia, ni Lali na simu yake."

"Kabla ya Lali. Nani alikwambia habari ya harufu ya chumvi asubuhi?"

Akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu, paji la uso limekunjamana, kisha akatikisa kichwa. "Sijui. Labda niliisikia mahali."

Faduma akainuka, akaingia ndani kuosha dirac iliyoingia vumbi.

Angekuwa mwanamke, Faduma angeweza kumfuata, kumtazama usoni, kumpata kasoro ya meno. Bahari ungeifanya nini? Siku zilizofuata Faduma aliona wivu kuliko alivyowahi. Aliionea wivu simu, maana sasa Abdifatah hakuificha. Alimwonyesha samaki wakiruka na kusema, "Tazama huyu, mashallah," na kila samaki alimchoma. Alimwonea wivu Lali, ambaye anaiona bahari akienda kupiga mswaki. Alimwonea wivu hata muuza matairi. "Umepona?" Saynab akamuuliza sokoni, akiwa bado anajaribu kusamehewa. "Si ni samaki tu?" Faduma akamwambia afadhali angekuwa mwanamke, kwa sababu hata mke wa pili huulizwa kama anataka, na yeye hakuulizwa.

Hata hivyo hakuweza kuyaona mafundo yale akanyamaza. Jioni ya Jumapili alimkuta Abdifatah amefunga uzi kwenye kidole gumba cha mguu, miwani puani, anafuata maelezo ya video, na fundo likiteleza mara ya saba. Akamnyang'anya. Aliuviringisha uzi kwenye vidole, akaulainisha kwa mate, ukapita chini, ukarudi juu, ukajimeza.

"Vuta."

Abdifatah akavuta. Akavuta kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani. Uzi ukamkata kiganja, fundo halikusogea.

"Wallahi," akasema taratibu. "Hili halifunguki."

"Ni la kumfungia ngamia nyumba."

Kwa siku tatu alimfungia kila chambo na kila ndoana, zote ishirini na nne, usoni hana neno. Abdifatah alidhani amesamehewa. Aliimba akipakia. Aliwaambia watoto wao wanne waende kwa bibi yao kule Balambala. Kila jioni Faduma alimpa nafasi: alikaa kimya karibu naye, mikono imetulia, akingoja. Kila jioni Abdifatah aliongea juu ya upepo na mafuta ya jua. Jioni ya mwisho akasema, "Kile kiti cha pili nitakiachia tu. Hasara ndogo," akageuka, akalala.

Asubuhi gari la Lamu lilikuwa lipite saa kumi na mbili. Abdifatah alitoka uani amevaa ile kofia pana na kukuta begi lake limefungwa, pamoja na fimbo na mkanda, ndani ya mkeka mmoja, na juu yake kamba ya katani imepita chini na kurudi juu na kujimeza. Mzigo ulikuwa mdogo, mgumu kama jiwe, wa kupakiwa ngamia.

"Vizuri sana," akasema. "Ila miwani yangu iko ndani. Na vidonge." Akainama, akashika kamba. Akajaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno. Akapiga goti moja, akapiga la pili. Honi ya gari ikasikika barabarani. "Faduma. Lifungue basi, gari litaniacha."

Faduma alikuwa mlangoni. Aliyatazama yale magoti vumbini kwa muda, na hakufanya haraka.

"Miaka kumi na tisa iliyopita," akasema, "wiki ya kwanza, nilikuambia kwamba nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliinusa bahari, mwendo wa siku moja, na baba akanirudisha. Ulinishika mkono. Ulisema siku moja utanipeleka."

Abdifatah akabaki na kamba mkononi. Alionekana akitafuta, kisha alionekana amepata, na kofia ile pana haikumsaidia kuficha uso.

"Mimi ndiye niliyekwambia," Faduma akasema. "Ulikula maneno yangu, ukasahau nani aliyekulisha, ukaenda kumwomba muuza matairi."

"Faduma... mle ndani ni wanaume tupu. Lali atasema nini?"

"Nilimpigia Lali jana. Amesema kiti kimelipiwa, na mke wake atakaa nami."

Honi ikalia tena. Abdifatah akautazama mzigo, akamtazama mkewe.

"Lifungue," akasema, safari hii kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Nitalifungua Kiunga," Faduma akasema, akaingia ndani kuchukua begi lake.